Kompyuta Inaganda Ukiizima au Kuiwasha Upya: Soma Dalili Kabla ya Kupiga Window

Kompyuta ikigoma kuwaka, mwenye nayo huipeleka kwa fundi siku hiyohiyo. Ikigoma kuzimika, huvumiliwa miezi. Kila jioni mtu anashikilia kitufe mpaka ikatike, au anazima swichi ya ukutani na kufunga duka. Hapo ndipo kosa dogo la draiva (programu inayoendesha kifaa) linapogeuka kuwa mafaili yaliyoharibika. Na ikifika kwa fundi, dawa ni ileile: "tupige window," yaani kusakinisha Windows upya. Window mpya husaidia pale ambapo mfumo wenyewe umeharibika. Kama chanzo ni draiva ya mazabodi (bodi kuu), flashi iliyosahaulika au diski inayokufa, wiki mbili baadaye uko palepale, na safari hii huna picha zako.

Sababu chini ya kila dalili zimeanza na ile inayokutwa sana. Maelezo mengi ni ya Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi za steshenari, ofisi na wanafunzi hapa Dodoma. Linux ina sehemu yake fupi. Menyu zimeandikwa kama zinavyosomeka kwenye skrini ili uzione.

Kabla ya kugusa kitufe

Ikiganda, iangalie kwanza. Skrini inasema nini: "Shutting down", "Restarting", jina la programu, asilimia za sasisho, au ni nyeusi tupu? Taa ya diski inapepesa, imewaka moja kwa moja, au imezima? Halafu bonyeza Caps Lock mara mbili tatu. Taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo bado uko hai, unasubiri kitu. Isipobadilika kabisa, mfumo umekufa ganzi au umeshafungwa na kilichobaki ni umeme kwenye bodi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinatenganisha kosa la programu na kosa la draiva au kifaa kabla hujafungua hata skrubu moja.

Muda wa kusubiri unategemea ulichokiona. Kiduara kinachozunguka huku taa ya diski ikipepesa, mpe dakika 10. Kama skrini inataja sasisho, soma sehemu ya masasisho hapa chini, maana dakika 10 hazitoshi. Skrini nyeusi, Caps Lock haijibu, taa ya diski imezima: dakika 2 zinatosha.

Ukilazimika kukata, jaribu kwanza Ctrl+Alt+Del. Ikikubali, shikilia Ctrl na ubofye alama ya kuzima iliyo kona ya chini kulia; itauliza kuhusu "Emergency restart". Kazi ambayo hukuihifadhi itapotea. Ikishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 bila kuachia. Kubonyeza na kuachia mara nyingi mfululizo hakusaidii. Kuzima swichi ya ukutani pia hakufai, na kwa laptopu hakufanyi chochote ikiwa betri ni nzima.

Vipimo vitatu vinavyosema karibu kila kitu

Hifadhi kazi zako, kisha jaribu kwa zamu:

1. Restart.
2. Shut down ya kawaida.
3. Shut down huku umeshikilia Shift.

Tangu Windows 8, Shut down ya kawaida si kuzima kamili kama Fast Startup imewashwa. Mfumo unakufungia programu zako, lakini kiini chake pamoja na madraiva vinaandikwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho kompyuta iwake haraka. Restart haifanyi hivyo. Inafunga kila kitu na kuanza upya. Kushikilia Shift kunalazimisha kuzima kamili mara hiyo moja. Ndiyo maana kompyuta inaweza "kuzimwa" kila siku kwa mwezi mzima na bado inabeba hitilafu ya draiva ya mwezi uliopita.

Ikiganda kwenye namba 2 peke yake, mtuhumiwa ni Fast Startup au draiva isiyokubali kulazwa. Ikiganda kwenye 2 na 3 lakini Restart inakwenda vizuri, angalia draiva zinazohusika na umeme, hasa Intel Management Engine (sehemu ndogo ya usimamizi iliyo kwenye bodi zenye prosesa ya Intel). Ikiganda kwenye Restart tu, na kuzima kunakwenda, kuna kifaa kisichojiweka sawa bila kukatiwa umeme: cha USB, kadi ya mtandao, RAM (kumbukumbu ya muda), au BIOS yenyewe (programu ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows). Ikiganda kote kutatu, ni programu, huduma ya nyuma ya pazia, au diski.

Andika majibu kwenye karatasi. Hata ukiishia kwa fundi, karatasi hiyo itakupunguzia bili.

Dalili: "Shutting down" inazunguka bila mwisho

*Programu au kazi ya kuchapa iliyokwama.* Kwenye kompyuta za steshenari hii inashika namba moja bila ubishi. Printa imeishiwa karatasi au imezimwa, kazi tatu zimebaki kwenye foleni, na huduma ya kuchapa haitaki kufungwa. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa "Run as administrator", andika `net stop spooler`. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, utakuta mafaili yanayoishia na .SPL na .SHD, hizo ndizo kazi zilizokwama. Futa yaliyomo ndani, folda yenyewe usiifute. Rudi uandike `net start spooler`. Jaribu kuzima. Kama inatokea kila wiki, ondoa draiva ya printa na usakinishe ile ya modeli yako hasa, kwa kuwa draiva ya "inayofanana" ndiyo huacha kazi zikining'inia.

*Kifaa cha nje.* Chomoa kila kitu kasoro kibodi na mausi: flashi, diski ya nje, modemu, skana, kebo ya simu, hata waya wa USB wa UPS (kisanduku cha betri ya akiba). Zima. Ikizimika vizuri, rudisha kimoja kimoja. Modemu za zamani zinazojisakinishia programu yake ukizichomeka zinastahili kutazamwa kwa jicho kali: modemu huitumii tena, lakini programu yake bado inaamka kila asubuhi. Iondoe kupitia Settings, Apps.

*Antivairasi mbili, au programu za kraki.* Antivairasi mbili zikikaa mashine moja zinakamatana wakati wa kufunga. Acha moja, Windows Security inayokuja na mfumo inatosha kwa watu wengi. Programu zilizovunjwa leseni nazo huacha huduma zinazojificha, na nyingine zina virusi ndani. Ili kujua mkosaji bila kubahatisha, anzisha mfumo ukiwa mtupu: bonyeza Win+R, andika `msconfig`, fungua Services, weka alama "Hide all Microsoft services", kisha "Disable all". Alama hiyo ya kwanza usiiruke, la sivyo utazima huduma za mfumo wenyewe. Zima pia programu za kuanzia kwenye Task Manager. Washa upya, kisha jaribu kuzima. Kama tatizo limekwisha, rudisha huduma nusu kwa nusu mpaka litokee tena; mkosaji yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena mpaka abaki mmoja.

*Fast Startup iliyoharibika.* Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bofya "Change settings that are currently unavailable", ondoa alama kwenye "Turn on fast startup". Njia ya mkato ni `powercfg /h off` kwenye Command Prompt ya msimamizi. Amri hii pia inaondoa hiberfil.sys, na kwa kawaida faili hilo hula nafasi ya takriban asilimia 40 ya RAM uliyo nayo. Utapoteza Hibernate (kulaza kompyuta huku kazi zilizo wazi zimeandikwa kwenye diski). Kwa laptopu ya mtu anayekaa sehemu yenye umeme wa kukatika, fikiria kidogo kabla ya kuchagua njia ya mkato: Hibernate ndiyo inayookoa kazi betri ikiisha. Yeye aondoe alama tu, aache `powercfg`.

*Diski imechoka au imejaa.* Taa ya diski inawaka muda wote, kompyuta nzima ni nzito, si wakati wa kuzima tu. Angalia nafasi kwenye C: kwanza, ikiwa chini ya GB 15, safisha. Halafu soma afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha "Caution" au "Bad", au mistari ya 05, C5 na C6 ina namba zilizo juu ya sifuri, nakili mafaili yako leo. Usianze na chkdsk (amri ya kukagua diski). Diski inayokufa ukiiamuru isome kila kona, unaweza kuwa unaimalizia.

Diski ikiwa nzima, ndipo fanya ukarabati wa mfumo, kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`
`chkdsk C: /f`

Ya kwanza inavuta mafaili intaneti, hivyo hakikisha una bando. Ya tatu itaomba ifanyike mara utakapowasha upya, jibu Y. Ukiongeza `/r`, diski ya kuzunguka ya GB 500 inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo usiianze siku ambayo TANESCO wametangaza matengenezo eneo lako. UPS ndogo ya dukani, yenye betri moja ya volti 12, haiwezi kuibeba kazi hiyo. Laptopu yenye betri nzima ina nafuu.

Kuna video nyingi zinazokuambia upunguze `WaitToKillServiceTimeout` kwenye Registry (hazina ya mipangilio ya Windows) ili kompyuta izime haraka. Thamani ya kawaida ni 5000, yaani sekunde 5, na hizo sekunde zipo kwa sababu: programu ya hesabu za duka inazitumia kumalizia kuandika. Ukiweka 500 utapata kompyuta inayozima upesi na daftari la mauzo lisilofunguka. Thamani ambayo inafaa kukaguliwa ni `ClearPageFileAtShutdown`, iliyo chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management. Ikiwa 1, Windows inafuta faili zima la kumbukumbu kila inapozima, na kwenye diski ya kuzunguka hilo ni dakika kadhaa. Kama hakuna sera ya usalama ya ofisi inayoitaka, irudishe 0.

Dalili: skrini imezima, lakini feni inazunguka na taa ya kitufe inawaka

Hii ndiyo inayowachanganya watu. Windows imemaliza kazi yake; kilichobaki ni bodi kukubali kukata umeme, na bodi haijakubali. Ukishika sehemu ya chini ya laptopu unaisikia bado ina joto, na ukiiweka begini usiku kucha, asubuhi betri imeisha.

Kwa laptopu na kompyuta za mezani zenye prosesa ya Intel, hasa zile za ofisi zilizotumika Ulaya zikaletwa kuuzwa huku, angalia kwanza draiva ya Intel Management Engine Interface. Fungua Device Manager (`devmgmt.msc`), panua System devices, itafute. Bofya mara mbili, nenda Power Management kama ipo, ondoa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Jaribu kuzima. Bado? Bofya kulia juu yake, chagua "Disable device", jaribu tena. Kuizima kwa majaribio hakuharibu kitu. Ikizimika vizuri sasa, umempata mkosaji: nenda tovuti ya mtengenezaji, weka namba ya mashine iliyo chini ya kava, pakua draiva ya chipset na ya Management Engine ya modeli hiyo. Ukikuta la karibuni ndilo linalosumbua, chukua toleo la nyuma yake. Draiva za kubahatisha kwenye programu za "driver updater" achana nazo. Nyingi ya kesi hizi zimeanzia huko, au kwa Windows Update kuweka toleo lisilopatana na BIOS ya zamani.

Baada ya hapo, kwa mpangilio: zima Fast Startup kama ilivyoelezwa, sasisha draiva ya skrini (Win+Ctrl+Shift+B huiamsha upya, na kama skrini inarudi ukibonyeza hivyo wakati imekuwa nyeusi, basi draiva ya skrini ndiyo iliyoanguka), ondoa umeme uliobaki. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe sekunde 30, rudisha. Kwa ya mezani, chomoa waya wa umeme kwenye boksi na ushikilie kitufe vivyo hivyo.

BIOS iliyopitwa na wakati ni sababu ya kweli, lakini iache iwe ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, bodi inaweza isiwake tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Laptopu iwe na betri zaidi ya nusu na chaja imechomekwa. Ya mezani iwe kwenye UPS uliyoijaribu, si ile inayolia na kuzima baada ya dakika moja. Na kabla ya kugusa BIOS kwa namna yoyote, soma aya ya BitLocker mwishoni.

Dalili: "This app is preventing shutdown"

Hii ni nyepesi. Programu ina kazi ambayo haijahifadhiwa, au imekwama. Bofya Cancel, rudi, hifadhi, funga. Ikiwa inatajwa programu usiyoijua, andika jina lake kabla ya kubofya "Shut down anyway". Jina kama "Task Host Window" linamaanisha kazi ya ratiba bado inaendelea. Mpe dakika mbili. Ikirudi kila siku, fungua Task Scheduler uangalie ni kazi gani ina hali ya "Running" muda huo.

Dalili: "Getting Windows ready, don't turn off your computer"

Ukweli usiopendeza: hapa mara nyingi kompyuta haijaganda. Inafanya kazi nzito kwenye diski ya polepole. Kama taa ya diski inapepesa, ipe saa 2 mpaka 3, hata kama asilimia zimesimama palepale. Kama taa imezima kabisa kwa saa nzima na Caps Lock haijibu, kata kwa kitufe, iache dakika moja, washa. Windows kwa kawaida itasema "Undoing changes" na kurudi ilikokuwa. Usiikatize tena hapo.

Masasisho yakishindwa kila mara, simamisha huduma (`net stop wuauserv` na `net stop bits`), futa yaliyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, anzisha huduma hizo tena kwa `net start`. Utapakua upya, kwa hiyo andaa bando au subiri Wi-Fi ya chuo au ofisi. Kama bado uko kwenye Windows 10, kumbuka usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa kompyuta ya kazi, chagua "Update and shut down" siku ambayo hufungi duka kwa haraka. Kesi nyingi za sasisho lililovunjika ni mtu aliyekata umeme saa mbili usiku kwa sababu daladala ya mwisho inaondoka.

Dalili: inazima vizuri, lakini Restart inaishia kwenye nembo au skrini nyeusi

Anza na flashi. Kompyuta inapoanza upya inatafuta mfumo kwenye kila kilichochomekwa, na flashi au diski ya nje isiyo na mfumo inaweza kuikwamisha kwenye nembo. Chomoa vyote, kisha ingia BIOS (F2, F10 au Del kwa nyingi) na uweke diski ya ndani, au "Windows Boot Manager", iwe ya kwanza.

Kisha RAM. Restart haikati umeme kwenye bodi, kwa hiyo RAM isiyoshika vizuri inaweza kupita ukianza mashine ikiwa baridi na kukwama ikianzishwa upya ikiwa moto. Zima, chomoa waya, shikilia kitufe kumaliza umeme, toa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisicho na manyoya kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti safi ya isopropili, acha ikauke, irudishe mpaka vibano viite "ka" pande zote mbili. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Kiangazi cha Dodoma, kati ya Juni na Oktoba, hewa ni kavu na mwili unabeba umeme tuli. Gusa chuma tupu cha boksi kabla ya kushika RAM, na usifanyie kazi juu ya zulia.

Halafu betri ndogo ya bodi, CR2032. Ikiwa saa na tarehe zinapotea kila ukichomoa umeme, imeisha. Mpya ni volti 3; ukipima ukakuta iko chini ya 2.8, badilisha. Mipangilio ya BIOS itarudi ya kiwandani, kwa hiyo piga picha kurasa zake kwanza kwa simu, hasa ukurasa wenye neno AHCI au RAID (namna bodi inavyowasiliana na diski). Mpangilio huo ukibadilika, Windows inaweza isiwake.

Vumbi linasingiziwa sana hapa mjini. Vumbi huleta joto, na joto huifanya kompyuta ijikate ghafla au iwe nzito. Haliifanyi ionyeshe "Shutting down" kwa nusu saa. Linapohusika na kuganda ni pale linapoingia kwenye nafasi za RAM na matundu ya USB. Duka lililo kando ya barabara isiyo na lami lisafishe mashine kila miezi mitatu au minne. Ukitumia bloa, zuia pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke, maana likizungushwa kwa kasi na upepo linaharibu beringi zake. Usipulize kwa mdomo; mate yana maji.

Dalili: inazima, halafu inajiwasha yenyewe

Bonyeza Win+R, andika `sysdm.cpl`, Advanced, kisha Settings chini ya "Startup and Recovery", ondoa alama kwenye "Automatically restart". Sasa kama inaanguka wakati wa kuzima, utaona skrini ya bluu yenye jina la kosa badala ya kuwaka tena kimya kimya. Kama hakuna skrini ya bluu, andika `powercfg /lastwake` uone nani aliiamsha, na `powercfg /devicequery wake_armed` uone vifaa vyenye ruhusa hiyo. Kadi ya mtandao na mausi ndizo za kawaida; ondoa ruhusa kwenye Power Management ya kila kimoja. Kwenye BIOS zima "Wake on LAN" na, kwa ya mezani, angalia mpangilio unaosema kompyuta ifanye nini umeme ukirudi. Ukiwa kwenye "Power On", kila TANESCO wakirudisha umeme usiku mashine inawaka peke yake dukani.

Kusoma kumbukumbu za mfumo

Usibahatishe pale ambapo Windows imeshaandika jibu. Fungua `eventvwr.msc`, Windows Logs, System. Namba 1074 inasema nani aliomba kuzima na saa ngapi. Namba 41 ya Kernel-Power na 6008 zinasema kompyuta ilikatwa bila kufungwa vizuri. Hizi ni matokeo, si sababu, na haisaidii kumlaumu "Kernel-Power". Namba 7 na 153 za diski ndizo za kuogopa: nakili mafaili kwanza. Kisha nenda Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Namba 201 hutaja programu iliyochelewesha kuzima, 203 hutaja huduma, pamoja na muda kwa milisekunde. Ukikuta jina lilelile kila siku, kazi imekwisha.

Unaweza pia kuifanya Windows iseme inachokifanya wakati inafunga: kwenye Registry, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, tengeneza thamani ya aina ya DWORD iitwayo `VerboseStatus`, ipe 1. Badala ya "Shutting down" tupu utaanza kuona inafunga nini. Piga picha mstari inapokwama.

Kwa wanaotumia Linux

Bonyeza Esc wakati wa kuzima ili uone maandishi. "A stop job is running for…" yenye saa inayohesabu mpaka dakika 1 na sekunde 30 si kuganda. Ni systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) inasubiri huduma iliyotajwa hapo. Subiri ifike mwisho, kisha ukiwasha soma `journalctl -b -1 -e`. Mara nyingi ni folda ya mtandao iliyounganishwa wakati Wi-Fi imeshafungwa. Itenganishe kabla ya kuzima. Kama kuzima kunakubali lakini Restart inakwama, ongeza `reboot=pci` kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha `sudo update-grub`; ikishindikana jaribu `reboot=efi` au `reboot=acpi`. Kwenye Ubuntu, njia salama kidogo ya kukata mashine iliyoganda ni kushikilia Alt na SysRq (mara nyingi ni kitufe cha PrtSc), kisha S, U, B, ukiacha sekunde chache kati ya herufi.

Simama hapa, mwite fundi

- Harufu ya kuungua, au cheche ukichomeka waya. Zima ukutani, usiwashe tena.
- Betri ya laptopu imevimba: padi ya kuongozea mausi kwa kidole imeinuka au kava halifungi. Usiitoboe, usiichaji.
- Diski inagonga "ka-ka-ka". Kila dakika inayowaka inapunguza nafasi ya kuokoa mafaili.
- Kapasita kwenye bodi zimevimba vichwa au zimevuja. Kuzibadilisha ni kazi ya mtu mwenye pasi ya kuchomelea na uzoefu nayo.
- Tatizo liko ndani ya pawa saplai. Hata ikiwa imechomolewa, ndani inabaki na umeme wa kuumiza. Badilisha nzima, usiifungue.
- Kompyuta ni ya ofisi au ya serikali. Peleka kwa kitengo cha TEHAMA. Kuna mipangilio humo ambayo si yako kuigusa.

Na BitLocker. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 zimefungwa kwa usimbaji bila mwenye nazo kujua. Ukisasisha BIOS au kurudisha mipangilio yake ya kiwandani, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo mafaili hayafunguki, hata fundi awe hodari vipi. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ya Microsoft uliyosajilia laptopu, nakili ufunguo kwenye karatasi, kisha simamisha BitLocker kwa muda kupitia Control Panel. Kwenye baadhi ya matoleo ya Home sehemu hiyo haipo. Hapo karatasi yenye ufunguo ndiyo kinga yako. Unapoikabidhi mashine kwa fundi, mpe majibu ya vipimo vitatu na picha ya skrini ilipokwama, na mwambie kabla hajaanza: asipige window mpaka mafaili yawe yamenakiliwa na wewe umeyafungua ukayaona.